Waliosema Watahifadhi

Kijijini Stokelow, kule mpakani ambako Uingereza inaanza kugeuka Wales, hakukuwa na mlango ambao Hester Preece hakuwahi kuugonga. Kila uchaguzi ulipokaribia alivaa buti zake za mpira, akabandika kifuani utepe wa bluu wa chama cha Wahafidhina, akapita nyumba hadi nyumba na karatasi za chama mkononi. Alijua mbwa gani anauma na yupi ana mdomo tu. Alijua nani atamkaribisha chai na nani atajifanya hayupo huku pazia likitikisika dirishani.

"Hester, hata ukituletea punda mwenye utepe wa bluu tutampigia kura," mzee mmoja alipenda kumtania.

"Punda hana shida na kura yako, Percy. Anafanya kazi kuliko wewe."

Alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama kwa muda mrefu kiasi kwamba watu walisahau nani alikuwapo kabla yake. Keki za mikutano alioka yeye, viti alivipanga yeye, na wagombea wapya waliotoka mjini na viatu vyao vya kung'aa aliwafundisha yeye jinsi ya kuruka uzio bila kuchana suruali. Lakini mgombea ambaye Hester alimgongea milango kwa moyo kuliko wote alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, Royden Bufton. Mama yao alifariki Royden akiwa bado anavaa kaptula. Hester ndiye aliyempikia, akamshonea vifungo, akamfunga tai siku ya kwanza ya kazi. Hakujaaliwa watoto wake mwenyewe. Ukimsema Royden vibaya mbele yake ulikuwa umejitafutia kesi.

Ndugu hao wawili walizaliwa Upper Hollin, shamba dogo la ng'ombe wa maziwa kwenye mteremko juu ya kijiji. Shamba halikuwa lao. Lilikuwa mali ya kaunti, na kupatikana kwake kulikuwa na hadithi ambayo baba yao hakuchoka kuisimulia. Alirudi kutoka vitani mikono mitupu, hana ardhi wala mjomba mwenye ardhi. Mwenyekiti wa baraza la kaunti wakati huo alikuwa Kanali Kinnersley, mhafidhina wa damu, mtu wa farasi na kanisa. Familia moja ya kitajiri iliposhindwa na kodi na kuuza maeneo yake, Kanali alitumia fedha za umma kuyanunua, akayakata mashamba madogo madogo, akawakodishia vijana wasio na urithi. Matajiri wenzake walimnunia. Mmoja alimwambia mbele ya watu kwamba amekuwa mkomunisti.

"Mimi ni mhafidhina," Kanali alimjibu. "Wewe ulidhani nahifadhi nini, bwana? Nyasi? Nahifadhi watu."

Hester alikulia ndani ya maneno hayo. Aliolewa na Clem Preece, kijana mpole aliyekuwa akija kumsaidia baba yake kuvuna nyasi, na baba alipofariki kaunti ikamwandikia Clem mkataba wa shamba lile lile. Royden hakupenda ng'ombe. Alikwenda mjini, akafanya kazi ya udalali wa nyumba, kisha akagombea udiwani, na mwishowe akachaguliwa kuwa kiongozi wa baraza zima la kaunti.

Siku hiyo waliandaa sherehe katika ukumbi wa kanisa. Royden alisimama, koti limemkaa vizuri, mvi zimeanza kumpendeza.

"Watu wanatuuliza mhafidhina ni nani," alisema. "Jibu limo ndani ya jina lenyewe. Mhafidhina anahifadhi. Waliyoyajenga waliotutangulia hatuyavunji wala hatuyapigi bei. Tunayakabidhi yakiwa mazima."

Walimpigia makofi mpaka vikombe vikalia juu ya meza. Clem, ambaye maneno yake kwa siku nzima yangeweza kuenea kiganjani, alivua kofia na kujifuta nayo macho. Hester hakulia. Alisimama tu karibu na birika kubwa la chai akimtazama yule mtoto ambaye yeye ndiye aliyemfunga tai.

Miaka ikapita. Majira fulani ya kuchipua, Hester aliingia dukani kununua sukari akamkuta Olwen Gittins kwenye kaunta. Olwen alikuwa rafiki yake tangu shule, mwanamke mdogo wa umbo, mwenye ulimi mwepesi. Mumewe, Ivor, alikuwa amepoteza kumbukumbu na sasa alikaa nyumba ya kulelea wazee mjini. Kila Jumatano Olwen alipanda basi kwenda kumlisha chakula cha mchana.

"Pole, Hester," Olwen alisema.

"Pole ya nini tena? Nimefiwa na mimi sina habari?"

Olwen hakucheka. Alimsogezea gazeti bila kumwangalia usoni. Kaunti ilikuwa inauza mashamba yake yote. Pale chini palikuwa na maneno ya kiongozi wa baraza, kwamba ni uamuzi mgumu lakini hauepukiki.

"Labda wamekosea," Olwen alisema. "Magazeti haya nayo."

"Royden hawezi," Hester alisema. "Royden amezaliwa Hollin. Chumba cha juu ya jiko. Mimi ndiye niliyetumwa mbio kumwita mkunga."

Aliacha sukari pale pale. Alipanda mteremko kwa hasira, akamkuta Clem zizini akiwafunga ng'ombe mashine za kukamulia. Alimwonyesha gazeti. Clem alilitazama kidogo, kisha akamfuta ng'ombe aliyekuwa mbele yake, taratibu, kama kawaida yake.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Walikuja watu kupima. Siku ile ulipokuwa kwenye mkutano wa chama. Waliniambia ni mambo ya ramani, lakini ramani haiulizi paa lina umri gani."

"Na ukanyamaza, Clem?"

"Ni mdogo wako," Clem alisema. "Nilitaka uyasikie kwake."

Jumapili baada ya ibada Hester alikwenda nyumbani kwa Royden bila kuaga mtu. Royden aliishi peke yake tangu mkewe alipoondoka. Alikuwa ameweka nyama ya kuoka kwenye tanuri, kipande kikubwa mno kwa mtu mmoja, na nyumba nzima ilinukia.

"Ulikuwa uniambie lini?" Hester alimwuliza kabla hajavua koti.

"Nilikuwa natafuta namna."

"Namna! Simu unayo, miguu unayo, na njia ya Hollin unaijua hata ukifumba macho."

"Keti, Hes."

"Sikai."

"Basi simama, lakini nisikilize." Royden alizima tanuri. Kwa karibu alionekana amechoka, ngozi ya chini ya macho imekuwa ya bluu. "London wanatupunguzia fedha kila mwaka. Na wanaopunguza si wale wengine, ni wa kwetu. Mawaziri wetu, waliovaa utepe wetu, tuliowagongea milango mimi na wewe. Huku nina wazee wasioweza kujiosha. Nina watoto walemavu ambao mama zao hawajapata usingizi wa maana tangu wawazae. Sheria inanilazimisha niwahudumie, na inafanya vizuri kunilazimisha. Niwaambie nini hao? Ngojeni kidogo, dada yangu ana ng'ombe?"

Maneno hayo yalimchoma, kwa sababu hayakuwa ya uongo. Alikaa bila kujua kwamba amekaa.

"Mashamba ukishayauza," alisema polepole, "mwaka unaofuata utauza nini?"

"Mwaka unaofuata tutauona ukifika."

"Na huo ndio uhafidhina?"

"Huo ndio utawala, Hes. Uhafidhina ni ule tunaousema ukumbini tukila keki zako."

"Kanali Kinnersley hakusema tu. Alifanya."

Royden alicheka kicheko kisicho na furaha. "Kanali alichukua fedha za umma akagawa ardhi kwa maskini. Kanali alikuwa mjamaa aliyevaa tai ya bluu. Angekuwa hai leo chama kingemfukuza kabla ya chai ya saa nne."

"Basi kama yule hakuwa mhafidhina, na wewe si mhafidhina, mimi miaka yote hii nilikuwa nikimgongea nani milango?"

Royden aliuliza kama amkatie kipande cha nyama ampelekee Clem. Hester akatoka na kuuacha mlango wazi.

Siku ya madiwani kuupigia kura uuzaji huo, wapangaji wa mashamba walileta matrekta yao mbele ya jengo la baraza, wakayazima, wakasimama kimya. Hawakuwa watu wa kuimba wala kupiga kelele barabarani, wengi wao walikuwa wakiipigia kura bluu tangu wapate haki ya kupiga kura, na hawakujua mikono ya mtu anayeandamana inawekwa wapi. Clem alisimama kando ya trekta lake amevaa tai.

Hester alikaa juu, mahali pa wananchi. Aliwaona madiwani aliowafahamu kwa majina ya watoto wao. Royden alisoma hoja bila kunyanyua macho. Diwani mmoja wa upande wa pili, mwalimu mstaafu ambaye Hester alikuwa akimpinga kila uchaguzi, alisimama akayatetea mashamba. Alisema mali iliyonunuliwa na babu zetu haifai kuuzwa na wajukuu kwa ajili ya bajeti ya mwaka mmoja. Hester alisikia maneno ya baba yake yakitoka katika mdomo wa adui, akajikuta anatikisa kichwa kuyakubali, akatazama huku na huku kama ameonekana akiiba.

Mikono ikanyanyuliwa. Wa bluu walinyanyua karibu wote. Mashamba yakaenda kwa kampuni moja ya wawekezaji, yote kwa pamoja.

Hester alitoka nje. Clem alimtazama usoni, akapanda trekta, akaliwasha.

Ng'ombe waliuzwa kwa mnada uani Hollin mwanzoni mwa vuli, matufaha yakiwa bado chini ya miti bila wa kuyaokota. Clem aliamka akawaosha wote, mmoja mmoja, kwato mpaka mkia, kana kwamba wanakwenda maonyesho. Dalali alipanda juu ya marobota ya majani akaanza kutaja bei kwa kasi ile ambayo mgeni haambulii neno. Kila ng'ombe alipotolewa Clem alimtangulia, akimweleza mnunuzi tabia zake: huyu anapenda kukamuliwa wa kwanza, huyu usimpitie upande wa kushoto, huyu ni mlaji wa kofia. Watu walicheka kidogo.

Katikati ya mnada Royden alifika. Alisimama langoni amevaa koti refu, hakuingia. Watu wote uani wakamgeukia. Hester alikuwa anagawa chai. Alitaka mtu mmoja tu amzomee. Lakini Clem ndiye aliyeacha kamba ya ng'ombe, akavuka matope, akampa mkono shemeji yake.

"Asante kwa kuja, Roy," alisema.

Royden alishika ule mkono muda mrefu, kisha akageuka akaenda zake garini.

"Ulimshukuru!" Hester alimwambia Clem baadaye, uani pamebaki pametulia na pananuka majani ya ng'ombe wasiokuwapo. "Amekunyang'anya maisha yako na wewe unamshukuru."

"Hakuna aliyemlazimisha kuja," Clem alisema. "Ilimgharimu."

Walihamia kwenye nyumba ndogo ukingoni mwa mji, yenye zulia na mabomba ya kupasha joto. Clem aliendelea kuamka saa yake ya kukamua. Alivaa, akaketi jikoni mikono juu ya meza, akingoja kuche. Mwanzoni Hester aliamka naye. Halafu alikoma, kwa sababu Clem alianza kumwomba radhi kwa kumwamsha. Alipungua uzito. Jirani mmoja alimpa kipande cha ardhi cha kulimia mboga, akaotesha viazi vizuri mno, akavigawa vyote. Alipoulizwa hali alijibu, "Siwezi kulalamika," na kweli hakulalamika, na hilo ndilo lililomwumiza Hester kuliko yote.

Hester alijiuzulu uenyekiti wa tawi. Alipeleka sanduku la tepe na karatasi kwa makamu wake, akaliweka mlangoni. Uchaguzi wa kaunti ulipotangazwa, akajiandikisha kugombea kiti cha Stokelow, kile alichokikalia Royden, mgombea asiye na chama, dhidi ya mdogo wake.

"Umekuwa mwekundu, Hester, kama wale wa upande wa pili?" Percy alimwuliza kwa mshangao, ameshikilia mlango.

"Mimi ni bluu kuliko bluu yenyewe, Percy. Ndiyo maana sina chama."

"Sasa huko ndani utafanya nini?"

"Nitahifadhi. Kilichobaki nitakihifadhi."

Aliligonga kila lango alilolijua. Olwen alitembea naye, akiwatukana mbwa na kubandika karatasi. "Mpeni kura mwenzetu," alikuwa akisema. "Huyu akisema neno, neno limesemwa." Watu walimwunga mkono, wengine kwa kumpenda, wengine kwa kumhurumia Clem. Kura zilipohesabiwa katika ukumbi wa michezo, alikuwa amemshinda Royden kwa kura nyingi.

Royden alimjia na mkono mbele. 

"Hongera, diwani."

Hester aliushika kwa ncha za vidole. Alikuwa ametamani saa hiyo kwa miezi, na sasa ilipofika haikuwa na ladha. Alichokiona ni kwamba kifungo cha koti la Royden kimelegea, kinaning'inia kwa uzi, na hana mtu wa kumshonea.

Baraza jipya halikuwa na chama chenye wingi. Wasio na chama, Hester akiwa miongoni mwao, ndio waliokuwa wanaamua mambo yaende wapi. Alifanya kazi kama mtu anayelipiza kisasi kwa kazi. Alisoma makaratasi mpaka macho yakauma, akauliza maswali ambayo wakubwa wa idara waliyakimbia. Swali la kwanza kabisa lilikuwa zile fedha za mashamba ziko wapi. Mkuu wa fedha, mwanamke mpole mwenye miwani, alivua ile miwani ndipo akamjibu.

"Zilikwisha kabla hujaingia, diwani. Ziliziba pengo moja. Limefunguka jingine."

Majira ya baridi ikaja bajeti. London walikuwa wamekata tena. Kwenye meza palibaki vitu viwili ambavyo sheria haikuwalazimisha kuvilipia: wauguzi wa ziada, juu ya huduma za lazima, wanaokwenda kukaa na watoto walemavu ili wazazi wapate kulala, na mabasi ya vijijini. Fedha zilitosha kimoja. Hester hakukubali. Alitafuta njia ya tatu. Aliandika kwa mawaziri, akajibiwa na vijana wao kwa maneno matamu. Aliomba kodi ipandishwe zaidi, akaambiwa kiwango kimewekwa na serikali na kukivuka kunahitaji kura ya wananchi wote, ambayo yenyewe ingekula fedha. Alipunguza posho za madiwani, wakamchukia, na haikutosha hata basi moja. Alikwenda akakaa na mama mmoja wa mtoto mlemavu katika kijiji cha jirani. Yule mama alisinzia katikati ya sentensi, kikombe mkononi, na Hester akakichukua polepole kisimwagike.

Siku ya kura alikaa kwenye kiti chake, chini sasa, si juu. Kule juu walikuwapo watu wachache wa vijijini na makoti yao. Hakuthubutu kuangalia. Hoja ikasomwa. Alinyanyua mkono kuyafuta mabasi, na ulipokuwa hewani aliuona ni kama wa mtu mwingine, wenye mishipa, wa kizee, sawa kabisa na ule wa Royden.

Alirudi nyumbani, akamkuta Clem anamenya viazi.

"Nimeyafuta," alisema.

Clem alimenya kiazi mpaka mwisho. "Ulikuwa na sababu?"

"Nilikuwa nayo."

"Hata Roy alikuwa nayo," Clem alisema, bila ubaya wowote, akachukua kiazi kingine.

Alikutana na Olwen siku iliyofuata nje ya duka la Stokelow. Hester alikuwa amejiandaa kwa matusi, maana Olwen alijaliwa matusi. Hakuyapata.

"Nilitembea na wewe kwenye mvua," Olwen alisema. "Nilikubandikia karatasi."

"Najua, Olwen. Kulikuwa na watoto..."

"Sijauliza kulikuwa na nini. Lazima kulikuwa na kitu, kila mara kuna kitu. Ila Ivor hajui Jumatatu wala Alhamisi. Anaijua Jumatano. Ndiyo siku pekee aliyobaki nayo." Alikaza mtandio wake shingoni. "Na wewe pia, Hester. Mkono wa Royden niliutarajia unyanyuke. Wako sikuutarajia."

Akaenda zake na kikapu chake, hatua fupi fupi kwenye barafu. Hester alibaki amesimama. Alikuwa na maelezo yote, kila tarakimu na kila barua, na hakuna hata moja alilotaka kulisema.

Mchana huo aliendesha gari mpaka kwa Royden. Hakuwa amekanyaga hapo tangu ile Jumapili. Royden alifungua akiwa amevaa ndara za nyumbani. Alikuwa amezeeka.

"Nimesikia," alisema.

"Basi cheka. Nimekuja ucheke, tumalizane."

"Sicheki, Hes." Alisogea kando ampishe. "Ingia, kuna baridi."

Walikaa jikoni. Royden alichemsha chai akaikoleza mno, kama kawaida yake tangu utotoni. 

"Ulipouza Hollin," Hester aliuliza, "ulilala?"

"Sikulala."

"Na baadaye?"

"Baadaye mtu analala. Ndicho kinachotisha."

Hester alizungusha kikombe. "Uliyaamini yale uliyoyasema siku ile ukumbini? Kwamba jina letu ndiyo kazi yetu?"

"Neno kwa neno," Royden alisema. "Bado nayaamini. Nikikutana na mtu aliyetawala hivyo nitampigia kura." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Nilidhani ni wewe."

Machozi yalimtoka Hester, hakuyafuta. Alilia kwa ajili ya Clem na wale ng'ombe waliooshwa kwato, kwa ajili ya Olwen, na kwa ajili ya huyu mzee aliyekaa mbele yake, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemlea.

"Siwezi kukusamehe bado," alisema. "Usidhani ndicho nilichokuja kufanya."

"Sijakuomba."

"Najua hujaniomba."

Alimaliza chai ile chungu yote. Wakati wa kuondoka Royden alimsindikiza mpaka garini, akasimama pale kwenye theluji na ndara zake mpaka gari likapotea kwenye kona.

Jumatano iliyofuata Hester alisimamisha gari mbele ya nyumba ya Olwen, saa ile ile ya basi. Hakupiga honi. Alingoja injini ikinguruma. Baada ya muda mlango ulifunguka, Olwen akatoka amevaa koti lake la safari, na mkononi ana kibakuli cha pudini kilichofunikwa kitambaa. Alisimama akalitazama gari. Halafu akafungua mlango wa nyuma, akaketi nyuma, akaweka kibakuli magotini.

"Habari za asubuhi," Hester alisema.

Olwen alitazama nje ya dirisha.

Waliteremka bondeni, wakavuka daraja, wakapita njia panda ya Hollin ambako kampuni ilikuwa imeng'oa uzio wa miti. Mjini Hester alisimama mbele ya nyumba ya wazee. Olwen alishuka, akaufunga mlango kwa upole, akaingia ndani kumlisha mumewe. Hester alizima injini, akajifunika koti miguuni, akamngoja.

Wamekuwa wakifanya hivyo kila Jumatano. Wanakijiji wamezoea kuliona lile gari likipita, diwani mbele, mwenzake nyuma, kama abiria na dereva wake. Kwingine kote katika kaunti, kwenye vijiji ambavyo basi lilikuwa likifika, kuna watu waliovaa makoti yao ya safari na hawana gari la kuwangoja, na Hester anawajua wengi wao kwa majina.